Dhumna ya Iraida na Mdomo wa Shemeji

Wanaosema ubongo wa lugha mbili ni makabati mawili, ukifungua hili unafunga lile, hawajacheza dhumna na Iraida Quiñones wa mji wa Mayagüez, kule wanakosema Kihispania. Kichwani mwake Kiingereza na Kihispania ni majirani wambea: hakuna anayelala, kila mmoja anataka kusema wa kwanza.

Alipelekwa New York akiwa mdogo, akasoma huko, akarudi kuolewa na Chago. Ndiyo maana hadi leo anasali na kutukana kwa Kihispania, lakini hesabu anapiga kwa Kiingereza, kimoyomoyo, midomo ikicheza kidogo. Na dhumna bila hesabu ni kugonga meza tu. Lazima ujue kete zipi zimetoka, mwenzio kabaki na nini.

Chago alipofariki alimwachia meza ya dhumna pale barazani. Jumapili moja mdogo wa marehemu, Wilfredo, akaja na jambo lake.

"Shemeji, meza ya kaka inakula vumbi hapa. Nikikufunga leo, naibeba."

"Na nikikufunga mimi?"

"Basi ujue unaota."

Iraida akakubali, na hapo hapo akajuta. Wilfredo aliwahi kuishi Chicago, na anaijua ile midomo inayocheza kwa hesabu ya Kiingereza. Kila Iraida akianza kuhesabu, jamaa anabwata tarakimu za Kiingereza: bei ya mayai, namba ya basi, umri wa mama mkwe. Hesabu ikamruka. Iraida akahamia Kihispania. Wilfredo naye akahamia.

"Shemeji, huo mdomo hauna breki?"

"Sheria inakataza kupeana ishara. Soga ni halali."

Soga ni halali? Iraida akatabasamu. Mtaa mzima unajua nani anaitikia rozari kwenye kila msiba. Akainamisha kichwa, akaanza kwa Kihispania:

"Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe..."

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu..." Kofia ya Wilfredo ilishavuliwa kabla hajajua anafanya nini.

"Salamu Maria..."

Akaitikia tena. Na tena. Sasa, Wilfredo alisoma shule hapa hapa, hesabu zake zinaishi nyumba moja na sala zake. Sala ikaingia, hesabu zikatupwa nje. Za Iraida zipo kwa jirani, kwenye Kiingereza, zimetulia, hakuna wa kuzibwatia.

Mdomo wa Wilfredo unasali, mkono ukaweka kete iliyoufunga mchezo pande zote. Mchezo ukifungwa hivyo, mwenye nukta chache mkononi ndiye mshindi. Iraida akafunua kete yake ya mwisho: moja na tupu. Wilfredo akaitazama ya kwake kama mtu aliyeletewa maiti ya jirani. Sita kwa sita.

"Huu uchawi!"

"Ni sala, shemeji. Unaikana?"

"Umeniroga mbele ya meza ya kaka yangu!"

"Meza yangu." Iraida akaanza kukusanya kete, macho chini, sauti ya kanisani. "Utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu."

"Amina," akajibu Wilfredo, kwa hasira.