Mchele Hautanisemea

Watu wa Butembo wakikuona na kitu kipya mkononi hawakuulizi umekitoa wapi. Wanakuuliza utakiuza kwa nani. Nami ni mmoja wao, sijitoi. Nimezaliwa kwenye vilima hivi vya baridi na nimeuza tangu nikiwa na meno ya utoto: ndizi, sabuni, kisha vitenge, na sasa makoti ya mitumba yanayofika kutoka Ulaya yamefungwa marobota. Kwetu kitu kisichouzwa ni kitu ambacho mteja wake bado yuko njiani. Kwa hiyo nilipoanza kununua hela za zamani za Waingereza, hela ambazo Waingereza wenyewe hawawezi tena kununulia mkate, na nikasema siziuzi, watu hawakuniona mwenda wazimu. Ingekuwa afadhali. Waliniona mjanja anayesubiri bei ipande.

Ya kwanza niliikuta ndani ya koti. Mfuko ulikuwa umetoboka, nayo ikadondoka mpaka chini kwenye bitana. Nilichana nyuzi nikidhani ni kifungo. Kumbe peni, hela ya shaba ya Waingereza, kubwa, ya kahawia, imejaa kiganjani. Upande mmoja kulikuwa na kichwa cha mfalme, na huyo sikumjali. Wafalme wa Ulaya hapa kwetu tuliwapata wa kutosha. Upande wa pili kulikuwa na mwanamke. Kofia ya chuma kichwani, ngao pembeni, mkuki wa meno matatu mkononi, na amekaa.

Hilo ndilo lililonishika. Amekaa! Mimi nimekua nikiona wanawake wakipanda kutoka shambani na mzigo wa mihogo mgongoni, kamba ikiwabana kwenye paji la uso, na mtoto juu ya mzigo. Mama yangu sikumbuki kumwona amekaa isipokuwa kanisani, na hata huko alikaa ukingoni mwa benchi kama mtu aliyeacha chungu motoni. Huyu wa kwenye peni alikuwa amekaa sawasawa, tena na silaha, na hakuna aliyekuwa akimuuliza maji yako wapi. Nikasema huyu nimempenda. Nikasema nataka na wenzake.

Kuwapata haikuwa kazi. Anayeagiza marobota kwa simu hashindwi kuagiza peni. Kwenye mtandao kuna minada ambako picha za hela zimepangwa moja moja au rundo, na kila moja ina saa yake inayorudi nyuma. Unaandika dau lako, mwingine anapanda juu yako, na saa ikiisha aliye juu ndiye mwenye mali. Matajiri wanagombania zile zinazong'aa, zilizotoka kiwandani zikafungiwa kabatini. Wachukue. Mimi nilitaka zilizochakaa, zilizopita kwa wauza samaki na wafua nguo wa huko mpaka mfalme akafutika pua. Hizo bei yake ni ya chai na mandazi. Kifurushi kinakwenda Kampala, kwenye depo ya mtu anayepokea bidhaa za wafanyabiashara wa Butembo, kisha kinapanda lori pamoja na makoti yangu, kinavuka mpaka wa Kasindi na kuja. Mara ya kwanza mtu wa depo alinipigia simu kuuliza kama ni vipuri vya pikipiki.

Na kuna jambo nililolipenda kwenye mnada kuliko hata peni zenyewe. Mnada haukuuliza mimi ni bibi wa nani. Haukutaka sahihi ya bwana, haukuniambia nirudi na mwanaume. Uliona dau langu, basi. Peni niipendayo kuliko zote, ile ambayo kichwa cha mfalme kimeisha kabisa lakini mwanamke bado yupo mzima, niliipata Jumapili katika mkutano wa akina mama wa parokia. Simu nilikuwa nimeificha chini ya kitenge. Mtu mmoja, Mungu anamjua ni wa nchi gani, alikuwa akinipanda kila nikiandika dau. Saa ilipokaribia kwisha nikampanda kwa mara ya mwisho, saa ikafa, nami nikapiga kigelegele. Mama mwenyekiti alikuwa anazungumzia usafi wa choo cha parokia. Akanishukuru kwa moyo wangu.

Bwana wangu anauza mabati na misumari, duka lake linatazamana na langu, barabara katikati. Peni zangu, ambazo yeye aliziita makuta, yaani hela, alikuwa akizicheka tu, bila ubaya. Jioni moja akaja na uso wa mtu aliyebeba habari njema.

"Mama ya batoto, ile makuta yako ya bazungu imepata mutu."

"Mutu wa kufanya nini?"

"Wa kuinunua. Yote. Huyo mutu iko Beni. Nilishaka kumupa parole."

Lazima nieleze maana ya hilo neno kwetu. Kumupa mutu parole ni kumpa neno lako, na Butembo neno ndilo linaloendesha mali. Mzigo wa mabati unaondoka hapa mpaka Kayna au Kanyabayonga bila karatasi, kwa sababu tu fulani amesema. Mfanyabiashara anayekula neno lake afunge duka akalime. Bwana wangu hajawahi kula neno lake. Na sasa alikuwa ameuza kwa neno hilo kitu ambacho si chake.

Sababu ya mteja kuzitaka niliijua. Huku wapo watu wanaozunguka wakitafuta hela za zamani, pasi za mkaa, vyerehani vya kizamani. Wanaamini kwamba baadhi ya vitu hivyo vina nguvu, na kwamba hela yenye nguvu ukiiweka karibu na mchele, punje zinasogea kuifuata. Wanasema aliye na hela kama hiyo anaweza kuiuza kwa wageni akajenga ghorofa. Ghorofa lenyewe sijaliona, wala mwenye kuliona sijamwona.

"Siuzishe," nikamwambia.

"Twende tu, akuone. Ni juu ya heshima yangu."

Nikaenda, kwa sababu nilitaka kumwambia mtu huyo mwenyewe kwa mdomo wangu. Nilibeba ile peni moja, ile iliyofutika mfalme. Kwenye barrière moja, kizuizi cha barabarani kabla ya Beni, mwanajeshi alifungua mkoba wangu akaitoa. Akauliza inanunua nini. Nikamjibu hainunui kitu. Aliigeuza mara kadhaa, akanirudishia kama mtu aliyeshika kitu cha maiti, na safari hiyo hatukuombwa hata ya sigara.

Mteja alikuwa mnunuzi wa kakao. Alitupokea katikati ya magunia, na harufu ya kakao inayochachuka ilikuwa kali mpaka machoni. Alikuwa mtu mzima, mpole, aliyevaa vizuri. Juu ya meza alikuwa ameshaweka sahani nyeupe, na ndani yake mchele.

"Karibu mama. Weka hapa, pembeni ya muchele. Kama iko ya kweli, muchele itaifuata. Kama haiko ya kweli, mutajirudilia na makuta yenu, hakuna kesi."

Bwana wangu akaniinamia sikioni. "Weka tu. Muchele haitatingizika. Parole yangu itakuwa imeisha, na makuta yako utarudi nayo."

Hapo alisema kweli. Sikuwa na shaka hata kidogo kwamba mchele ungelala pale pale kama mchele. Ningeweka peni mezani, tungetazama, mteja angekunja uso, tungekunywa soda, na kila mtu angebaki na chake: bwana wangu na neno lake, mimi na peni yangu. Hakuna njia iliyokuwa rahisi kuliko hiyo. Mkono wangu ulikuwa umeshaingia kwenye mkoba.

Hapo hasira ikanipanda, na sijawahi kuijutia. Niliona jinsi hadithi itakavyosimuliwa Butembo. Watasema mchele ulikataa. Hakuna atakayesema mama yule alikataa. Mimi nimesema siuzi nyumbani, nimesema siuzi dukani, nimesema siuzi garini njia nzima, na neno langu halikuwa na uzito. Sasa sahani ya mchele iseme mara moja na wanaume wawili waitii? Mchele wa kununua sokoni?

"Hapana," nikasema, nikafunga mkoba.

"Unaogopa nini, mama?"

"Siko naogopa kitu. Haiuzishwe. Muchele icheze, muchele ilale, haiuzishwe. Donc haina haja ya kupimwa."

Kumbe nilikuwa nimemwaga petroli. Mteja akanyanyuka macho yakiwaka. Kwake yeye, mtu anayekataa kupimisha hela yake ndiye mwenye ile ya kweli. Akaongeza pikipiki juu ya bei. Nikakataa. Akaongeza kiwanja, hapo hapo Beni. Nikamuuliza kama ni kiwanja kilekile ambacho mwenye nacho alikimbia vita akakiacha. Hakucheka. Nisijifanye chuma: nilikitamani. Nina watoto, ninajua kiwanja ni nini. Lakini kadiri alivyoongeza ndivyo nilivyozidi kuona kwamba hanisikii. Kwake hapana yangu ilikuwa namna ya kudai bei.

Mwisho akaacha kuniangalia kabisa, akamgeukia bwana wangu.

"Papa, mimi sikununua kwa mama. Nilinunua kwa wewe. Parole ni ya nani? Siku ya soko nitapanda Butembo na muchele yangu, nitafika kwako, mbele ya benzako."

Tulirudi Butembo. Tulipokaribia nyumbani aliniambia kitu kimoja tu: "Unaniua jina."

"Jina yako uliiweka mwenyewe mu kinywa," nikamjibu. Lilikuwa jibu baya na lilikuwa la kweli.

Siku zilizofuata jirani yangu wa duka, mama anayeuza viatu vya mitumba, alinishauri kama dada. "Mupe tu apime. Utapoteza nini? Bwana ni bwana." Nilimpenda kwa kunijali na nikamwambia aachane nami. Bwana alikuwa anakula, anasali nasi, anawasalimia watoto, na mimi ananipita kama ngazi ya duka. Iliniuma. Ninampenda mtu huyu. Tumezika pamoja, tumejenga pamoja. Nilichokuwa nikikitaka kwake ni kidogo mno hata nikashindwa kukiomba: kwamba nikisema hapana, iwe hapana.

Siku ya soko ilipofika sikuificha peni. Unachokificha wewe mwenyewe umeshakiiba. Niliiweka juu ya meza yangu ya kuuzia, katikati, mwanamke akitazama juu, na makoti nikayasogeza pembeni. Anayetaka kuichukua aichukue mbele ya macho yangu.

Mteja alifika kabla ya mchana. Kutoka kwangu nilimwona akishuka kwenye gari, nikaona na kimfuko cha mchele. Wafanyabiashara wenzake bwana wangu walikuwa wameshakaa mbele ya duka la mabati, maana habari za namna hii hazihitaji kualikwa. Yeye na bwana wangu walizungumza kidogo. Kisha bwana wangu akainuka, akangoja pikipiki zipite, akavuka barabara.

Akasimama mbele ya meza yangu. Aliitazama peni, na mkono wake ukaja mpaka ukingoni mwa meza. Ningeweza kuifunika kwa kiganja. Mikono yangu niliiacha mapajani, na huo ndio ulikuwa ugumu mkubwa kuliko wote wa maisha yangu ya biashara.

"Hata leo?" akauliza taratibu.

"Hata leo."

Akaniangalia, kwa mara ya kwanza tangu Beni. Halafu akageuka, mkono mtupu, akavuka tena. Jirani yangu wa viatu akaacha kumhudumia mteja wake ili asikie.

"Makuta iko wapi?" mteja akauliza.

"Iko kwa bibi yangu," bwana wangu akasema, kwa sauti ile anayotumia kutangaza bei ya mabati. "Amekataa. Na mimi nilifanya kosa kukupa parole juu ya kitu haiko ya mimi."

Kikazuka kicheko. Si cha mteja. Yeye alikunja kimfuko chake na kuanza kulalamika. Waliocheka ni wale wafanyabiashara wenzake bwana wangu. Mmoja akamuuliza siku hizi suruali nyumbani inavaliwa na nani. Mwingine akauliza kama bei ya misumari nayo inaulizwa kwa bibi. Bwana wangu akaketi kwenye kiti chake, akachukua kalamu, akaendelea na kazi, uso umemwiva.

Nilinyanyuka. Majibu yalikuwa yameshanijaa mdomoni, na wanaonijua wanajua kwamba yangewachoma. Nilifika mpaka mlangoni. Hapo nikajizuia, kwa sababu kama ningejibu mimi, ingekuwa ugomvi wangu tena peke yangu. Nikamwacha avumilie kicheko chake, nikarudi kwenye makoti huku moyo ukinienda mbio kwa furaha. Mama mmoja akaja kuulizia koti la mtoto, akaanza kunibembeleza nipunguze. Siku hiyo sikupunguza hata kidogo.