Mashine ya Gemu Isiyo na Mahali pa Diski

Ile mashine ya gemu imekaa kwenye kibanda changu cha vifaa vya umeme pale mtaa wa Jericho tangu masika, na hakuna aliyeinunua. Kusifiwa imesifiwa. Watu wanaomba pedi, wanacheza mechi mbili huku nimesimama, kisha wanaigeuza upande huu na ule wakitafuta kitu.

"Mzae, kwani CD inaingia wapi?"

Haiingii. Nilikuwa nikiwajibu kwa madaha kwamba hii ni ya kisasa, gemu unazishusha kwenye intaneti. Kana kwamba kuna mtu mtaani kwetu mwenye bando la kuchezea hivyo.

Na mimi nimezaliwa hapa, hilo ndilo linaloniuma. Najua huku mtu hununua diski moja, akiichoka anaipeleka mtaa wa pili, Tena, anabadilishana na mwingine, na baada ya miezi inarudi imekwaruzwa lakini bado inacheza. Diski tatu zinatosha ploti nzima ya wapangaji. Mimi mwenyewe nimekua hivyo. Lakini siku niliyoenda mjini kuchukua mali, niliona hii nyembamba, nyeupe, nikaona kibanda changu kitafanana na maduka ya wenye pesa. Ile nene yenye mahali pa diski ilikuwa kando yake kwenye rafu. Niliidharau.

Tuliuza cherehani ya mke wangu ili niinunue. Alikuwa akishona sare za shule mlangoni petu, na wateja walikuwa wanamjua. Nilimwambia nikishaiuza tu, kabla shule hazijafunguliwa, nitamletea cherehani nyingine, tena ya umeme. Shule zimefunguliwa mara mbili.

Juzi alikuja kijana mwenye pesa taslimu. Aliipenda, akaishika muda mrefu, kisha akairudisha mezani.

"Iko poa, mzae. Lakini sasa nitabadilishana na nani?"

Nilimfokea. Alikuwa amesema kweli tupu, nami nikamfokea mpaka majirani wakageuka.

Jioni hiyo mke wangu alipita kibandani na kifurushi. Alisema mashine inaingia vumbi na mteja hapendi kitu kilichochakaa, kwa hiyo ameishonea kifuniko kwa vitambaa vya sare vilivyobaki. Kiliienea sawasawa. Nilitamani anitukane. Alipoondoka nilikivua, nikakigeuza ndani nje. Mishono yote ilikuwa ya mkono.