Nzuu za Jikoni na Wali wa Mgeni

Enzi zetu, na najua wakubwa wangu watacheka kwa sababu sijafika hata miaka thelathini na mitano, mtoto hakuulizwa atakula nini. Aliulizwa kama amenawa mikono. Ukidanganya kwamba umenawa, mwaitu, yaani mama yangu, alikushika vidole akavinusa, na akisikia harufu ya mbuzi unarudi kwenye karai. Mazungumzo kuhusu chakula yaliishia hapo. Mliokua Mbumbuni kama mimi, au Mutomo, au popote pale ambapo mvua huja ikijisikia, mnajua ninachosema.

Hasira ninayo, na nitaifikia. Kwanza niseme tulivyokula.

Kulikuwa na muthokoi. Mahindi yalinyunyiziwa maji kidogo, yakatwangwa kwenye kinu mpaka ganda likaachia, yakapepetwa, halafu yakawekwa kwenye mafiga pamoja na maharagwe, yakachemka tangu mchana mpaka jua linazama. Siku ambayo hakuna mtu mwenye mikono ya kutwanga, tulipika isyo, mahindi na maganda yake na kunde au mbaazi, na hakuna aliyenung'unika. Isyo ndiyo tuliyobeba shuleni kwenye mikebe ya siagi. Ikifika saa ya chakula cha mchana ilikuwa imeshikana ikachukua umbo la mkebe. Ukiupindua juu ya kifuniko, inasimama wima. Keki yetu ilikuwa hiyo, na tuliikata kwa rula.

Njiani kulikuwa na muu, yale matunda meusi ya porini yenye utamu unaokwaruza koo. Ukila muu, ulimi unageuka mweusi kama tako la sufuria. Mwalimu wa zamu hakujisumbua kuuliza nani alichelewa na kwa nini. Alitupanga mstari akasema, "Ndimi nje." Tulikula maembe mabichi kwa chumvi mpaka meno yakafa ganzi. Tulinyonya ukwaju. Mvua ya kwanza ikinyesha tulikamata kumbikumbi, tukazikaanga bila mafuta, tukapuliza mabawa, tukatafuna. Hakuna aliyetuambia kwamba hiyo ni protini. Protini tulikutana nayo sekondari kwenye kitabu, na mimi nilipata swali hilo kwa sababu nilikumbuka kumbikumbi.

Lakini kitu ambacho hata leo kikipikwa kwa jirani mimi husimama, ni nzuu mbichi. Nzuu ni mbaazi. Zikiwa bado kijani tulizichuma na maganda yake, zikachemshwa na chumvi kwenye ile sufuria kubwa ya matanga, halafu sufuria ikawekwa chini, katikati ya jikoni. Tunaizunguka. Unashika ganda kwa ncha, unalipitisha katikati ya meno, unalivuta, mbaazi zinabaki mdomoni na ganda linaenda kwenye kirundo chako. Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria. Mwenye kirundo kikubwa kuliko wote ndiye aliyekula zaidi, kwa hivyo ndiye atakayepelekea mbuzi maganda na kuosha sufuria. Kaka yangu Kioko hakuwahi kuosha sufuria hiyo. Alikuwa akila kama mashine ya kusaga, huku akisukuma maganda yake kwa kisigino, polepole, mpaka kwenye kirundo changu, na wakati wote anaangalia paa kana kwamba anahesabu mabati. Niliosha mimi. Nilipogundua siri yake nilikuwa darasa la sita, na hata hapo mwaitu hakuniamini. Alisema, "Kirundo ni chako, kiko mbele yako."

Sasa nifike kwa mgeni, kwa sababu matatizo yote yalianzia kwake.

Mgeni akija, hasa Jumapili mchungaji akitoka kanisani na mkewe, mwaitu alifanya kitu ambacho sote tulikiona cha kawaida. Alifunika sufuria ya isyo na kuisukuma chini ya kitanda. Mtu angedhani tumeficha pombe ya chang'aa. Halafu kuku anakimbizwa, mchele unachambuliwa, chapati zinasukumwa juu ya meza kwa chupa ya soda. Sisi tulikaa jikoni tukila harufu. Tukilia, alitoka mara moja akatukaripia kwa sauti ya chini, ile ya meno kufungwa, "Huyo ni mgeni. Nyinyi mko kwenu." Mgeni akishiba na kuondoka, sufuria ilitolewa chini ya kitanda na maisha yakaendelea.

Maneno hayo, nyinyi mko kwenu, niliyasikia mara nyingi kiasi kwamba sikuwahi kuyafikiria. Nilisikia tu kwamba chapati si yangu.

Nimeolewa Mwingi. Tuna mtoto mmoja, Mutheu, ana miaka sita na anajua jina la kila krispi iliyoko kwenye duka la kona. Usimuulize jina la ndege. Shule anakosoma ilituomba tupakie watoto kitu kikavu kisichomwagika, na wazazi wote, mimi pia, tukaelewa kwamba ni pakiti. Asubuhi unatia biskuti, unatia krispi, unatia juisi yenye rangi ambayo ikiingia kwenye nguo haitoki. Jioni anataka tambi za pakiti. Ukimwekea kunde anafunga mdomo kwa mkono. Ukimwekea isyo anasema, "Mum, hicho ni cha ng'ombe." Neno hilo alilitoa shuleni, lakini alilileta mezani kwangu.

Muhula wa pili alianza kuchoka. Akitoka shule analala na viatu. Chooni analia. Nilimpeleka kliniki, daktari akamvuta kope la chini, akaangalia, akasema damu iko chini sana. Akaniambia nimpe mboga za kunde, ndengu, mbaazi, matunda. Alizitaja polepole, kijana wa watu, kana kwamba ni dawa zimetoka nje ya nchi. Akasema nirudi naye shule zikikaribia kufunguliwa, na kama damu itakuwa bado iko hapo chini, atatupeleka hospitali kubwa. Niliitikia. Nilifika nyumbani nikapika mbaazi. Mutheu alikaa mbele ya sahani mpaka zikapoa, akalala hapo hapo na njaa yake.

Nikaamua Agosti aende kwa susu wake, mama yangu, Mbumbuni. Nzuu za mwisho zilikuwa bado shambani. Nilijiambia huko atakula atake asitake, kwa sababu huko hakuna duka karibu na susu habembelezi mtu. Nilimpeleka, nikarudi Mwingi nimetulia.

Baada ya wiki mbili nilienda kumwona bila kupiga simu. Nilifika saa ya chakula. Watoto wa Kioko, watatu, walikuwa jikoni wamezunguka sufuria. Mtoto wangu hakuwepo. Nilimkuta sebuleni, peke yake, kwenye ile meza yenye vitambaa vya kushona ambayo mimi nilikatazwa kuigusa mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Mbele yake sahani ya maua. Kwenye sahani, tambi za pakiti. Kando, soda. Midomo yake ilikuwa myeupe kwa ndani kama nilivyoiacha, labda zaidi.

Nilienda nyuma ya nyumba. Mwaitu alikuwa anaanika ndengu.

"Mwaitu, huyu mtoto anakula nini?"

"Amekula. Muulize mwenyewe."

"Nakuuliza wewe."

"Mama Mutheu, kwanza salimia watu."

Nilimsalimia. Halafu nikauliza tena. Akapangusa mikono kwenye leso.

"Anakula vizuri kabisa. Nilimtuma Kioko sokoni akamletea karatasi nzima ya hizo tambi. Hata mkate upo. Ama unataka nimpe nzuu, aende kwao aseme kwa susu hakuna chakula?"

"Kwao wapi? Kwao ni hapa."

"Haya." Akageuza ndengu kwa kiganja. "Ulimleta na viatu vyeupe na begi la magurudumu. Umeniletea mgeni, nimempokea kama mgeni. Kosa langu liko wapi?"

"Ana ugonjwa wa damu, mwaitu. Nilikwambia kwa simu apewe chakula cha hapa."

"Uliniambia ni mgonjwa. Mgonjwa hapewi isyo, anapewa kitu kizuri."

Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimeyapanga maneno, mengine si ya kumwambia mzazi. Lakini yeye hakuwa amemaliza.

"Na wewe je? Tangu uolewe, ukija hapa nakupikia nini?"

Niliinama nikaokota ndengu iliyoanguka.

"Wali. Kuku. Chapati. Umewahi kukataa hata siku moja? Umewahi kuingia jikoni ukafunua sufuria ukasema mwaitu, nipakulie hii?"

Nilisimama pale nikitazama ndengu. Ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo nilikuwa nakuja kwetu, nakaa sebuleni, naletewa maji ya kunawa na mtoto wa Kioko, nakula wali, naondoka. Sufuria ilikuwa inafichwa chini ya kitanda kwa ajili yangu, na mimi sikuwa nimeona.

Hatukuendelea kugombana kwa sababu mlangoni palipigwa hodi. Ilikuwa ni mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, amekuja kumwona mwaitu kuhusu mkutano wa Jumamosi. Mwaitu alibadilika palepale kama alivyobadilika siku zote. Unga ukatoka, chupa ya soda ikatoka, chapati zikaanza kusukumwa. Mimi nilikaanga. Tulifanya kazi bega kwa bega.

Chakula kilipopelekwa sebuleni, Mutheu alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kile cha kila siku, ameegemea meza akingoja sehemu yake. Mwaitu aliweka sahani mbele ya mama wa kanisa. Halafu akamtazama Mutheu, akanitazama mimi, akamrudia mtoto.

"Toka hapo," akamwambia. "Hiki ni cha mgeni. Wewe nenda jikoni kwa wenzako."

Mutheu akashangaa. "Susu, mimi si mgeni?"

"Wewe?" mwaitu akasema. "Wewe uko kwenu. Nenda kabla wale hawajamaliza."

Mama wa kanisa akasema aachwe ale naye, mtoto ni mtoto, watu wa kanisa husema hivyo. Mwaitu akamwambia ale chapati yake. Mutheu akashuka kwenye kiti. Alilia, sitadanganya. Alilia kutoka sebuleni mpaka jikoni, na jikoni hakuna aliyemsikiliza kwa sababu sufuria ya nzuu ilikuwa imeshaenda nusu. Hao watoto wa Kioko wamemrithi baba yao. Hakuna aliyempa sahani, hakuna aliyembembeleza, hakuna aliyemwambia ni nzuri kwa afya. Mkubwa wao alisogea tu kidogo akasema, "Kaa hapa. Na usimwage maji."

Alikaa. Akawatazama. Sufuria ilikuwa inaisha, na mtoto yeyote anaelewa jambo hilo hata kama hajui kusoma. Akachukua ganda moja, akalitafuna lote, akalitema. Wakamcheka mpaka mmoja akaanguka chali. "Vuta, usitafune, we!" Akavuta la pili. La tatu akalivuta kwa hasira, na hasira hiyo naijua ilikotoka.

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chapati. Mwaitu akanipita.

"Na wewe? Unaenda kula sebuleni, ama uko kwenu?"

Nilivuta kigoda. Nzuu zilikuwa zimepoa kidogo na chumvi ilikuwa nyingi, kama siku zote.

Mutheu alikaa Mbumbuni mpaka mwisho wa likizo, na viatu vyeupe sijui viliishia wapi. Tulirudi kliniki. Kijana wa kope akaangalia, akasema damu imepanda kidogo, hospitali kubwa tuiache kwanza, tuendelee na hizo dawa. Nikamwambia si dawa. Akacheka, mimi sikucheka. Krispi bado anazipenda, na mimi sitoi ushuhuda wa uongo. Lakini shuleni sasa anabeba nzuu zilizochemshwa kwenye kopo, kavu, hazimwagiki, na mwalimu hajapata la kusema.

Kitu ambacho sijaweza kumpatia ni kile kirundo. Enzi zetu tulikuwa tisa kuzunguka sufuria moja, magoti yanagusana, moshi machoni, na ulikula haraka kwa sababu kulikuwa na mtu wa kukushinda. Siku hizi kila mtoto ana sahani yake, pakiti yake, kiti chake, na mzazi kando yake anaomba tafadhali kijiko kimoja tu. Tumewafanya wageni ndani ya nyumba zao, halafu tunashangaa hawana njaa.

Jumamosi mimi huchemsha sufuria nzima, naiweka chini sakafuni, tunaizunguka. Tuko watatu tu, nafasi ni kubwa, magoti hayagusani. Lakini juzi baba Mutheu alikuwa anatazama simu yake, na nilimwona binti yangu akisukuma maganda yake kwa kisigino, polepole, kuelekea kirundo cha babake, macho yake ameyaelekeza juu, darini, ambako hakuna kitu.

Nikapima virundo kwa macho. Babake ndiye aliyeosha sufuria.