Mounira na kasanduku ka matanga

Kama umepita Kasongo na haukumujua Mounira, basi ulipita macho imefungwa. Mimi sina haja ya kujitaja sana: Dady, motari wa kwanza wa pikipiki toka hapa mpaka Kabambare, wengine wote wanakula vumbi yangu. Masomo niliacha kwa mwaka wa tano ya primere. Mwalimu alilia siku ile, sijue kama ni huzuni ao furaha. Lakini leo nataka kumusifu Mounira, na hiyo kwangu ni kazi nguvu, juu yeye iko mufupi, iko na kinywa kali, na mara nyingi iko na haki.

Baba yake, muzee Kamaldine, anauzisha vitambaa kwa soko. Mounira alikomalia ndani ya ile duka. Na miaka yake kumi na mbili akaanza kugeuza etajeri, rafu za duka: kitu watu wanauliza kila siku akaweka karibu na mukono, kitu wanauliza mara moja kwa mwaka akapandisha juu kabisa, karibu na bati. Muzee akapotea ndani ya duka yake mwenyewe. Juma nzima alikuwa anamuuliza binti yake fasi ya mukasi. Lakini wateja hawakukawia tena, na muzee akaziacha vile.

Sasa iko miaka mbili, patron Zéphirin, mutu wa Kindu, alifungua hapa biro ya kubeba mupunga: pikipiki saba, motari saba, na Mounira nyuma ya meza na tableti moja inakula nguvu ya jua. Ndani ya tableti kuko programu. Motari akiondoka anafinya simu yake, akisimama anafinya na kuchagua sababu, akifika anafinya tena. Yote inaonekana kwa tablo ya Mounira, ndani ya tusanduku: kamoja ka mifuko, kamoja ka mvula, kamoja ka pikipiki. Na kidole unakavuta, unakakuza, unakatupa.

Ile tablo ilitoka Kindu na tusanduku kumi na mbili, zaidi yao na picha za muviringo kama mikate imekatwa. Siku ya kwanza Mounira akatupa tisa. Nikamuuliza kama haogope patron. Akasema etajeri ni etajeri.

Kazi ikatembea vizuri, mpaka jumatatu moja patron akapiga simu. Kwa tablo yake kule Kindu alikuwa ameona panne, ni kusema pikipiki kuharibika njiani, makumi mbili na tatu ndani ya majuma mbili. Akasema tunaua pikipiki zake. Ijumaa angepakia zote saba kwa lori, zirudie Kindu, na biro ifungwe.

Mounira hakulia. Alivuta tableti karibu na akatengeneza kasanduku kapya: panne ya kila motari, na fasi alisimama. Halafu akaniita. Jina langu lilikuwa juu kabisa, panne tisa. Ni mara ya kwanza sikupenda kuwa wa kwanza.

“Yaya Dady,” akasema, “pikipiki yako inakufa tu mbele ya nyumba za watu? Kwa matope haikufe hata siku moja?”

Nikaanza kumueleza mambo ya karbirateri, plagi, na mafuta mbaya. Akaniacha nimalize. Halafu akaniambia kama mekanisie, fundi wa pikipiki, hajaniona tangu Ramazani.

Basi nikasema kweli. Kwetu haupitishe pikipiki inalia mbele ya watu wako kwa matanga. Unazima, unateremuka, unakaa, unauliza nani, na kama ulimujua unalia kidogo. Sasa ukisimama, simu inataka sababu, na sababu ziko ine: panne, mvula, bariere ya polisi, chakula. Matanga haiko. Kwa hiyo nilikuwa nafinya panne.

“Na wengine, nani aliwafundisha?”

“Ni miye,” nikajibu, na siwezi kuficha, nilijisikia vizuri kidogo.

Alicheka mpaka kitambaa ya kichwa ikateleza. Halafu akaongeza sababu ya tano, Matanga, na kasanduku kake akakavuta katikati ya tablo, fasi hata kipofu angekaona. Akamutumia patron, na maelezo yote ya zile panne. Patron akajibu kama hajaona kampuni yenye kuandika vilio. Lakini akatupatia mpaka siku ya ijumaa: mifuko kumi na ine ya mupunga itoke Lusangi, ifike kwa lori ya Kasongo mbele ya sala kuisha, ndiyo saa lori inaondoka. Kama haifike, pikipiki njo zitapanda ile lori.

Ijumaa tuliondoka Lusangi asubuhi sana, kila motari na mifuko mbili. Nilikuwa mbele, bila shaka. Katikati ya njia, kwa mugini moja yenye rezo ya simu, nikakuta bashe, turubai ya matanga, imefungwa na watu wamejaa: mama Régina, mwenye alizalisha wanawake wa ule mugini wote, alikuwa amekufa. Nikazima. Nikafinya Matanga.

Mara moja simu ikalia. Kasanduku kalikuwa kamewaka kule Kasongo, na Mounira alikuwa ameona mbali: nyuma yangu kuko sita, Raphaël na Sumaili ndani yao, kila mumoja atakaa nusu saa yake, na lori haitangoja. Akauliza nani. Nikamuambia.

“Wewe utabaki kwa jina la wote saba,” akasema. “Wengine wavue kofia, waseme pole, waende. Mifuko yako napatia Raphaël na Sumaili.”

Nikamuuliza namna gani motari wa kwanza abaki.

“Juu wewe njo mwenye kinywa. Kati yenu, nani mwingine anaweza kulia kwa watu saba?”

Nikateremuka. Na Mounira alikuwa ametufungulia tablo ndogo kwa simu. Nikaona na macho yangu mifuko yangu inahama: Dady hakuna, Raphaël tatu, Sumaili tatu. Wakafika mumoja mumoja, wakatoa pole, wakafungua kamba, wakaenda. Mimi nikakaa kwa mukeka na kuelezea binti wa marehemu kama niko watu saba. Akasema nijisogeze basi, watu saba wanataka fasi.

Nililia vizuri. Kwa Sumaili nililia kidogo tu, juu yeye mwenyewe hana sura ya kulia. Lakini jicho moja lilikuwa kwa simu: mifuko tano, nane, kumi na mbili. Sala ilikuwa haijaisha wakati kasanduku kakaandika kumi na ine. Nikaruka toka kwa mukeka, kinywa wazi, nikakumbuka niko wapi, nikakohoa.

Nilikuwa sijakaa tena, patron akanipigia. Mimi mwenyewe, toka Kindu.

“Naona mifuko kumi na ine na pikipiki sita. Ya saba iko wapi?”

“Kwa matanga, patron. Niko nalia kwa ajili ya kampuni.”

Akauliza nani. Nikamutaja mama Régina na kazi yake. Patron akatoa pole. Halafu akasema pikipiki zinabaki Kasongo, biro inabaki, na Mounira amuwekee na yeye hako kasanduku kwa tablo yake, katikati vilevile.

“Na wewe Dady,” akasema, “ukimaliza hao saba, ongeza mutu wa nane, ni miye.”

Nikarudia kwa mukeka. Binti wa marehemu aliniona, akajisogeza tena.