Neno Ambalo Dada Hakulisema

Dada yangu alifariki saa tisa alasiri, kwenye chumba chake cha kupanga Temeke, wakati namfumua nywele. Alikuwa amesuka wiki tatu nyuma, kabla hali haijawa mbaya, na sasa kichwa kilikuwa kinamuwasha na hana nguvu ya kukikuna. Nilikuwa nimefika utosini. Upande mmoja nywele zilikuwa zimesimama, upande wa pili bado mistari imelala vilevile.

Alinizidi miaka saba. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha nguo mpaka walipoanza kupunguza watu, halafu akaingia kwenye mitumba, kama nusu ya wanawake wa mtaa ule. Miaka ile kila mtu alikuwa anauza kitu. Dada aliuza blauzi na magauni, na sauti yake ilikuwa inasikika sokoni kabla hujamwona. Aliishi na mwanamume aliyekuwa akifanya kazi bandarini, ambaye mkewe wa ndoa alikuwa Mtwara. Mama yetu, mjane, Mkatoliki wa Songea aliyehamia Gongo la Mboto na marehemu baba, hakuwahi kukanyaga chumba kile. "Nitaingia siku mtakapofunga ndoa," alisema, na kwa miaka sita hakuingia. Dada ndiye aliyekuwa anaenda kwake Jumapili, anakula, anacheka, anarudi.

Yule mwanamume akafa. Mwaka uliofuata dada naye akaanza kukonda. Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeutaja. Ilitosha kusema "anaumwa" kwa sauti ya chini, na aliyesikia akanyamaza. Mama akataka kumchukua nyumbani, dada akakataa. "Majirani zako watanihesabu mbavu," alimwambia. Basi mama akaikunja ahadi yake, akawa anakuja Temeke kila baada ya siku mbili na uji kwenye chupa ya chai. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi karibu na hapo, kwa hiyo nilikuwa naye kila mchana.

Kitu kimoja kilikuwa kinamtafuna mama kuliko ugonjwa. Dada hakutaka padre.

"Wewe ndiye anakusikiliza," mama aliniambia. "Mbembeleze mwenzio. Aungame, apakwe mafuta. Asiende hivihivi."

Siku ile, nikiwa nyuma yake na kitana mkononi, nikajaribu.

"Dada, nimwite padre aje tu akusalimie?"

"Padre akija hapa, mie ndo nitajua nakufa," alisema. "Acha kwanza."

Nikaacha. Kusema kweli nilifurahi kwamba nimepata ruhusa ya kuacha. Nikashika fundo moja lililokuwa limekaza, nikalivuta. Akasema, "Usivute, inauma." Halafu akanyamaza, nikadhani amesinzia, nikafumua mistari mingine miwili au mitatu kabla sijaelewa kwamba bega lake halipandi wala halishuki. Sikuita mtu. Nilimalizia kwanza upande uliobaki, nikazichana zote, ndipo nikatoka ukumbini kuwaambia wapangaji wenzake.

Mama alifika na kaka yetu, pamoja na katekista wa parokia yao. Katekista huyo alikuwa fundi seremala, mtu mpole, mikono imejaa makovu ya patasi. Mama hakulia. Alinishika mabega mawili, akauliza, "Alitubu?"

"Alipokea mpako wa wagonjwa?" katekista akauliza taratibu.

"Hapana," nikajibu.

"Alisema lolote?"

Wote walikuwa wananitazama. Nilijua watu walioishi bila ndoa walivyokuwa wanazikwa mtaani kwetu: sala fupi uani, bila padre, bila jeneza kuingia kanisani, na mama wa marehemu kuinamisha kichwa kwenye sala za jumuiya mwaka mzima. Nikasema, "Alisema, Yesu nihurumie." Na kwa kuwa mama alikuwa bado ananikazia macho, nikaongeza, "Mara mbili."

Mama akaachia mabega yangu. Hapo ndipo alipoanza kulia, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Kaka akapiga magoti sakafuni palepale. Alikuwa ameokoka kwenye mikutano ya injili, na wakati wote wa ugonjwa alikuwa akituambia kwamba mtu akishakata roho mlango umefungwa, hakuna sala ya kuufungua. Sasa akashika miguu ya dada juu ya shuka, akasema, "Bwana asifiwe! Kama yule mwizi msalabani. Dakika ya mwisho!"

Padre akaja. Jeneza likaingia kanisani. Dada alizikwa kama mtoto wa watu.

Kwa muda nilijiona nimefanya jambo jema. Mama alinenepa kidogo. Wageni wakija aliwasimulia, na kila aliposimulia aliniangalia kama shahidi wake, nami nilikuwa natikisa kichwa kukubali.

Kama miaka mitatu ikapita hivyo. Jumamosi moja nilikuwa uani kwa mama nachagua mchele, na jirani yetu alikuwa amekuja kupiga soga. Alikuwa mama wa Kiislamu, mzaliwa wa pwani hii hii, na ndiye aliyepika msibani siku tatu bila kuombwa. Akamuuliza mama, bila ubaya wowote:

"Mama mwenzangu, sie maiti zetu tunazisomea, tunaziombea dua. Nakusikiaga alfajiri unamtaja marehemu mumeo. Mbona binti yako simsikii?"

"Baba yao namwombea," mama akajibu. "Alikufa ghafla yule, hakuna ajuaye alikuwa na nini moyoni. Lakini binti yangu alikufa na jina la Yesu mdomoni. Nimwombee nini tena? Yeye ndiye aniombee mimi."

Mikono yangu ikasimama kwenye ungo.

Nilikuwa nimefundishwa tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza kwamba roho zilizoko toharani, zikitakaswa kabla ya kuingia mbinguni, haziwezi kujisaidia zenyewe. Zinasubiri sala za waliobaki duniani. Nilikuwa nalijua hilo kama ninavyojua jedwali la kuzidisha, na sikuwahi kulihusisha na dada. Kama mafundisho yale ni ya kweli, basi dada alikuwa amekaa huko miaka mitatu anasubiri mama yake amtaje, na mama hamtaji, kwa sababu yangu. Na kama ukweli uko upande wa kaka, kwamba hakuna toharani, kuna pande mbili tu, basi alikuwa wapi mtu ambaye neno lake la mwisho lilihusu nywele? Nilijaribu kumweka kwenye fundisho hili, nikamweka kwenye lile. Kote sikumwona amekaa salama.

Nikaanza kumwombea mwenyewe kwa siri. Haikuwa rahisi. Kila nilipoanza, nilisikia "Yesu nihurumie" kwa sauti yake, maneno niliyoyatunga mimi, na nilishindwa kukumbuka sauti yake halisi ilivyokuwa. Nikaacha kupokea komunyo. Mama, akidhani naficha dhambi, akaniuliza kama nina mimba.

Kilichonivunja ni kaka. Aliniomba nimsindikize kwenye kanisa lao, lililokuwa bado turubai na viti vya plastiki huko huko Gongo la Mboto. Katikati ya ibada akapanda mbele kutoa ushuhuda, na ushuhuda wenyewe ulikuwa dada. Nikamsikia akisema kwenye kipaza sauti kwamba aliita jina la Yesu mara tatu, kwamba aliinua mikono, kwamba uso wake uling'aa. Dada ambaye wiki ile hakuweza kuinua hata kikombe. Kaka hakuwa mwongo. Alikuwa amelisimulia sana, likakua lenyewe.

Baada ya ibada mwanamke mmoja akanifuata. Alikuwa na kanga imefungwa vibaya, kama mtu aliyetoka nyumbani mbio.

"Dada, wewe ndiye ulikuwepo?"

"Ndiyo."

"Mwanangu yuko kitandani, hali kama ya dada yako. Nikimwambia tusali anageukia ukutani." Akanishika kiganja. "Ni kweli? Hata dakika ya mwisho?"

Nilimjibu kwamba Mungu ana huruma. Hakuwa ameniuliza hilo. Alisubiri kidogo, akaona hakuna lingine, akaniachia mkono.

Kesho yake nikatoka shule moja kwa moja hadi kwa mama. Alikuwa anamenya kunde uani. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamwambia yote bila kupumzika, maana nilijua nikipumzika sitamaliza.

Mama akasema, "Ulisema mara mbili."

"Ndiyo, mama."

"Na hakusema hata mara moja."

"Hakusema."

"Alisema nini basi?"

"Alisema, usivute, inauma. Nilikuwa namfumua."

"Ulikuwa unavuta?"

"Kidogo, mama. Fundo lilikuwa limekaza."

Akatazama kunde zake muda mrefu. Nilitegemea anipige, na ningeshukuru. Badala yake akasema kwa sauti ya chini sana, "Miaka sita sikuingia chumbani kwake. Nikamtupa. Halafu amekufa, na wewe ukanifanya nimtupe mara ya pili. Miaka mitatu, hata Salamu Maria moja! Mwanangu yuko peke yake huko, anasema mama yangu hata sasa amenigomea."

Akainuka. Sinia likapinduka, kuku wakaja. Akaingia ndani na kufunga mlango, na nikasikia rozari ikianza, kwa haraka, kama mtu anayekimbilia kufika mahali. Nikaokota kunde zilizobaki, nikaondoka.

Karibu miezi mitano mama hakuzungumza nami. Nikimwambia shikamoo aliitika marahaba, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukosa adabu, na basi. Alienda kwa katekista mwenyewe akamwambia kwamba mwanawe alizikwa kwa uongo, na kwamba anataka nia ya misa ya kumwombea iandikwe kila mwezi.

Katekista akanifuata shuleni. Tulikaa kwenye dawati nje ya darasa, watoto wanaimba majedwali ndani.

"Nilidhani padre hatakuja," nikamwambia. "Nilitaka azikwe vizuri."

"Angekuja," akasema. "Ningemwomba mimi. Nilishaamua nikiwa njiani naja, kabla sijakuuliza kitu."

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuniuliza?"

Akageuza geuza kofia yake magotini.

"Tena nikwambie jambo la pili," akaendelea. "Wewe unasumbuka kwa sababu ulishaamua kwamba bila lile neno dada yako amepotea. Nani alikwambia Mungu alikuwa anangoja neno? Kanisa, tangu lianze, halijamtaja mtu hata mmoja kwamba yuko motoni. Usianze wewe, tena na ndugu yako."

"Kwa hiyo yuko toharani?"

"Sijui. Mimi natengeneza milango na kufundisha watoto katekisimu. Mwombee."

Aliyasema vizuri, na niliyashukuru, lakini sitadanganya kwamba yalinitoa shaka. Yalinipa tu kitu cha kufanya na shaka hiyo.

Kaka nilimwambia mwisho. Yeye sikumwogopa kama mama, na nilikosea. Aliketi kwenye kitanda chake, mtu mzima mwenye watoto wawili, akaniuliza, "Kwa hiyo yuko wapi?" Aliuliza kama mtoto anavyouliza. Miaka yote alikuwa na majibu ya kila mtu, hata ya watu asiowajua, na sasa hakuwa na la kwake. Hakutoa tena ushuhuda ule. Nilipomuuliza kama walau amtaje dada kwenye sala zake, akasema hawezi, imani yake haimruhusu, na akaanza kulia.

Yule mwanamke wa kanga nilimtafuta nimwambie ukweli. Nikaambiwa mwanawe alishazikwa, naye karudi kwao Singida. Hilo bado liko nami.

Mwanzo wa Novemba, katika siku za kuwaombea marehemu, parokia ilienda makaburini. Mama alituma mtoto wa jirani aniite, na nilipofika nikakuta kaka naye yupo, kashika jembe. Kaka alipalilia kaburi la dada, akanyoosha msalaba uliokuwa umelala upande, akakusanya majani makavu. Watu walipoanza kusali akaenda kusimama barabarani mpaka tulipomaliza.

"Mwite," nilimwambia mama.

"Mwache," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu, ukitoa marahaba. Baadaye, tukipangusa magoti, akaongeza, "Jumatano ni misa yake. Njoo mapema, mie miguu inauma, unishikie nafasi."

Nilimshikia nafasi miaka minane. Yeye alipokufa alikufa kama alivyotaka: padre, mafuta, komunyo, majirani wamejaa chumbani, jina la Yesu tumelisikia sote. Jumuiya ikasema mama huyu amekwenda moja kwa moja. Mimi namwombea hata hivyo, kila siku, pamoja na dada, nikianza na dada. Sitaki tena kuwa mtu anayeamua nani hahitaji.

Kaka hunitembelea Jumapili mchana. Akinikuta nina rozari mkononi haingii. Hukaa nje kwenye benchi, anavua viatu, anasubiri nimalize.