Kabureta moja, mafundi wawili: nilivyohangaika na quad ya two-stroke kupandisha majani Machame

Wakuu, nawasalimu kila mtu kwa cheo chake.

Naandika yaliyonikuta na quad bike used, ile pikipiki ya matairi manne, two-stroke. Mimi si fundi, shule yangu iliishia la saba. Nikikosea jina la kifaa mnirekebishe taratibu. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Nakaa Machame. Tuna ng'ombe wawili wa maziwa, wanalishwa bandani. Kiangazi majani ya kihambani, shamba letu la nyumbani, hayatoshi, inabidi kuyafuata tambarare, chini ya barabara ya Arusha.

Kwetu anayeyafuata ni mwanamke, na anayapandisha kichwani. Sikuuanzisha mimi huo utaratibu. Ila sikuwahi kuupinga pia.

Mwaka huu shingo ya Mama Neema, mke wangu, ikagoma. Daktari akasema mizigo ya kichwani basi. Nikaahidi mbele ya mama yangu mzazi kwamba huyu mwanamke hatabeba tena. Ndipo nikanunua quad kwa jamaa aliyekuwa anazungushia watalii.

Kosa la kwanza likawa langu. Nilijaza petroli tupu kama ya bodaboda. Kumbe hii yangu oil unaichanganya ndani ya petroli kabla ya kumimina kwenye tenki. Injini ikachemka, ikakaza, ikazimikia njiani. Muuzaji huenda aliniambia. Aliongea mengi, na mimi nilikuwa naangalia taa.

Namshukuru Mungu ilipopoa ikakubali kuzunguka.

Nikaipeleka kwa Saidi, kijana wa Tabora mwenye gereji kule tambarare. Akasafisha kabureta, akanichanganyia oil vizuri, akaweka jeti mpya. Jeti ni kile kitundu kinachopimia injini petroli. Ikalia vizuri mpaka nikajisikia mtu.

Nikafunga majani, nikaanza kupanda. Nusu ya mlima ikaanza kukohoa. Moshi mzito, plagi nyeusi imelowa tepetepe. Mama Neema alikuwa anashuka kunipokea. Akajitwisha mzigo bila kusema neno. Wakuu, heri angesema.

Kwetu juu kuna Mzee Elifuraha, fundi wa mashine za kahawa na za kukatia majani. Akafungua, akacheka.

"Nani kakuwekea hiki? Petroli inaingia kama mfereji. Huku juu hewa ni nyepesi, mwanangu, injini inazama!"

Akaweka jeti ndogo. Ikapanda kihamba kizima kama mbuzi. Nikafurahi, nikateremka nayo tambarare kufuata majani.

Kule chini ikachemka tena. Plagi nyeupe kama chaki. Saidi akaja mbio.

"Bro, unaua mashine! Nani kaweka jeti ya kuchokolea meno?"

Akarudisha kubwa. Nikapanda, ikakohoa pale pale. Mzee akarudisha ndogo. Nikashuka, ikachemka. Mkisema nilipaswa kushtuka mapema, mna haki. Kila fundi alinithibitishia kwa macho yangu kuwa mwenzake ni mjinga, nami kila mara nilimwamini aliyekuwa mbele yangu.

Na Mama Neema aliendelea kubeba.

Mwishowe Mzee Elifuraha akakasirika kwamba naitembeza nje kabureta ambayo ameshaishika yeye. Akasema hagusi tena.

Sasa kwetu Uchagani ukikosana na mtu unampelekea jani la isale. Akiletewa isale hawezi kukataa kusamehe, ndiyo mila. Nikakata, nikaenda nalo.

"Shikamoo meku. Nimekuja na isale."

Akaliangalia sana. "Marahaba. Wewe nimekusamehe. Hiyo kabureta bado."

Akasema nimpelekee na Saidi jani, aje waonane, kila mmoja ajue mipaka yake. Nikateremka na isale mkononi kama mjumbe wa mangi, chifu wa zamani. Saidi akalipokea, akashukuru, akafutia plagi.

Simlaumu. Si mila ya kwao, na kusema kweli plagi ilitakata.

Nikamweleza, akaona aibu, akakubali kuja. Majani tukayaacha gereji, tukapanda na quad mpaka pale inapokohoaga, kwenye kona karibu na kanisa. Mzee alikuwa ameshafika na koti la Jumapili.

"Shikamoo mzee wangu. Jeti yako itaniulia mteja."

"Marahaba. Na yako peleka ikanyweshe mpunga."

Ikawashwa na jeti kubwa, ikazama. Mzee akapiga makofi. Wakaweka ndogo, wakaishusha kwa kasi mpaka mabondeni, ikarudi inanuka chuma cha moto. Saidi akapiga makofi. Watu wa kwaya wakatoka kanisani kutazama. Mmoja akauliza kama ni mashindano. Mwingine akawa upande wa Saidi bila kujua hoja.

Katikati ya kelele hizo Mama Neema akatokea kwenye kona, anapanda kwa miguu, mzigo kichwani. Majani niliyoyaacha gereji alikuwa ameyafuata mwenyewe.

Hakugomba. Alishusha mzigo juu ya keria ya quad, akakaa kwenye siti, akaishika shingo kwa mikono miwili.

"Mkimaliza mtaniambia."

Watu wa kwaya wakarudi ndani mmoja mmoja.

Mzee akamwangalia, akamwangalia Saidi. "Ilete hiyo kubwa yako." Saidi akasema, "Na yako pia mzee, apewe zote." Wakanifundisha hapo hapo, wanapokezana bisibisi: chini nipande na kubwa, nikifika kwenye kona niweke ndogo. Nikishuka nibadilishe pale pale. Na kwenye mteremko mrefu nisiachie mafuta moja kwa moja, nigusegusie, maana oil inaingia pamoja na petroli. Ukifunga petroli umefunga na oil.

Ndiyo maana mkimwona mtu anashuka Machame anapiga resi kila baada ya hatua chache kama mlevi, ni mimi. Mchungaji ameshaniuliza.

Kwa anayeanza nasema hivi: angalia rangi ya plagi kabla ya kumwamini mtu. Nyeusi na mbichi, petroli imezidi. Nyeupe, imepungua. Ya kahawia, tulia. Na fundi akikuambia mwenzake mjinga, muulize kwanza mwenzake anaishi kimo gani.

Mafundi wote walikuwa sahihi, kila mmoja kwake. Aliyekuwa hana pa kuwa sahihi ni mimi.

Sasa kuna jambo nahitaji ushauri. Mashine haiwezi kutupandisha wawili pamoja na majani. Tulijaribu, ikagoma. Ikabidi mmoja ashuke, na kwa vile niliahidi, siwezi kusema ashuke nani.

Kwa hiyo anaendesha yeye. Mimi natangulia kwa miguu mpaka kwenye kona na bisibisi, jeti ndogo na plagi ya akiba, nisikie inakuja nimbadilishie. Shingo yake inaendelea vizuri, anageuka bila shida. Jana amegeuka kunipungia mkono akinipita.

Mwenye uzoefu wa kuongeza nguvu kwenye two-stroke bila kuharibu pistoni, karibu aseme. Na mwenye kunicheka naye karibu, ila aeleze na yeye yuko kimo gani.