Sahani ya Karatasi

Mafuriko ya mwaka 2017 yalichukua gari langu hapa Alief, mtaa wa Houston, na mji huu bila gari ni kama kufungwa miguu. Aliyeniokoa ni muuguzi mwenzangu, mwanamume Mmarekani wa makamo niliyefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee. Wiki sita alinipitia mlangoni alfajiri. Njiani alinieleza habari za magoti yake, za bustani yake, na za mwanamume mwenzake aliyeishi naye miaka kumi na tisa. Ya magoti nilimpa pole. Ya yule mwanamume, nilitazama dirishani.

Nilipopata gari jingine nilimwalika chakula cha mchana Jumamosi, maana sipendi kuitwa mtu asiye na shukrani. Nikapika pilau ya mbuzi, nikatandika mkeka sebuleni. Sisi watu wa Mombasa, popote tuhamiapo, mgeni tunakula naye sinia moja. Kila mtu anakula upande ulio mbele yake, na mikono inakutana katikati kwenye nyama. Mwaka uliotangulia tulimkalisha mkekani jirani yetu Mmarekani, bibi wa miaka sabini. Wali ulimjaa mapajani, tukacheka naye mpaka machozi yakatutoka.

Muuguzi mwenzangu aliingia, akavua viatu bila kuambiwa. Nikamwelekeza kwenye kiti. Nikampakulia pilau kwenye sahani ya karatasi niliyoitoa kabati la chini, nikampa na kijiko cha plastiki.

"Hujazoea kula kwa mkono," nikamwambia.

Alisema angependa kujaribu. Nikamwambia asijisumbue. Kabati la juu nilikuwa na dazeni nzima ya sahani za kauri. Alikula akamaliza, akashukuru, akaenda zake. Binti yetu, wakati huo akiwa na miaka kumi na saba, alinisaidia kuondoa vyombo. Ile sahani niliitupa mwenyewe.

Nilijiona mtu mwema kweli. Hadithi ile niliipeleka kwa wanawake wenzangu wote: hata watu kama wale tunawakaribisha, nyumba yetu haibagui mtu.

Mwaka 2019 binti yetu alikuwa chuoni Dallas, safari ya saa nne kwa gari. Jumapili moja mchana alipiga simu, nikaweka spika ili na babake asikie.

"Mama, Baba, mimi niko kama yule nurse," alisema. "I like women. Sitaki mwambiwe na mtu mwingine."

Mimi ndiye mwenye mdomo, nikawahi. "Mwanangu, sisi hatuna tatizo na watu hao. Si unakumbuka tulimlisha hapa hapa nyumbani?"

"You gave him a paper plate, Mama."

"Alikuwa hajazoea mkono."

"Na yule bibi wa jirani alikuwa amezoea?"

 Akatuaga kwa adabu, simu ikakatika. Nilimgeukia mume wangu nikitaka anitetee. Yeye ni dereva wa lori, mtu wa maneno machache. Alikuwa akitazama viganja vyake.

"Siku ile nilimpa mkono," akasema, "kisha nikaenda kunawa. Na nilikuwa nimeshanawa kwa ajili ya chakula. Nilijiambia ni mafuta ya lori."

"Jumamosi ile hukushika lori."

"Najua."

Mpaka jioni tulikaa pale tukijichimbua. Nilikumbuka nilivyokuwa nikiigiza mwendo wa fundi mmoja wa nguo wa kwetu, mwanamume aliyetembea kike, nikizungusha kiuno, wageni wakivunjika mbavu. Binti yangu, wakati huo akiwa na miaka sita, alicheka kuliko wote. Sasa nikajiuliza alikuwa akimcheka nani, na niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Chuki ningeijua, ningepigana nayo. Lakini siku ile ya pilau sikuchukia wala sikuwaza chochote. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kabati la chini. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Nilimpigia muuguzi nimwombe radhi. Alikuwa amehamia jimbo jingine, na namba ile haikuwa yake tena.

Idi ilipofika binti yetu alikuja. Nilimkumbatia nikamwambia nimekosa, anisamehe. Akasema, "It's okay, Mama," haraka, kama anavyowajibu watu dukani. Nikatandika mkeka, nikaweka sinia, nyama nzuri nikaipanga upande wake. Babake akasogea kumpisha.

Binti akaenda jikoni. Nikasikia kabati la chini likifunguliwa. Alirudi na sahani ya karatasi, akajipakulia kutoka kwenye sufuria, akaketi kwenye kiti kile kile. Mimi na babake tulikula, na upande wake wa sinia hatukuugusa. Alipomaliza aliikunja sahani, akaitupa kwenye ndoo ya taka, akaniambia pilau ilikuwa tamu.